Kwa nini volkano ya Nyiragongo ililipuka bila onyo la mapema?

Swali: Mwaka 2021 vipima-tetemeko vilikuwepo. Mbona havikuonya?

Jibu: Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ardhini, inapopanda hupasua miamba, na kila mpasuko hutoa tetemeko dogo. Vituo kadhaa vikilinasa, tofauti ya muda wa mawimbi kufika huonyesha lilipotokea na kina chake. Nyiragongo ni mlima mgumu kusoma: ziwa la lava lilikuwa wazi kileleni, magma ilikuwa imeshafika juu, hivyo haikubaki miamba mingi ya kupasua. Tarehe 22 Mei ishara za wazi ziliitangulia lava kwa dakika 40 hivi, muda usiotosha kabisa kuhamisha watu. Kisha matetemeko yalisogea kusini, chini ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, yakifuata magma ardhini. Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama.