SOMA KWANZA, NDIPO UTIE SAHIHI
Somo: Kulinda shamba, nyumba na fedha za familia



Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kulinda mali ya familia kwa kutumia kisomo chetu.

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baba na mama wengi waliingia darasani, wengine chini ya mwembe, wakajifunza kuandika majina yao. Kuachana na dole gumba ni jambo la heshima. Lakini kuandika jina siyo mwisho wa kisomo. Dole gumba na sahihi vina nguvu ileile. Vyote viwili vinasema, "Nimekubali." Mtu asiyesoma alichokubali anaweza kupoteza kwa dakika moja kile alichokitafuta miaka 20.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: Soma karatasi yote. Mwenzako wa nyumbani naye aisome. Ndipo utie sahihi.

1. MKOPO UNAOGEUKA KUWA MAUZO

Tufanye mfano. Mkulima mmoja ana shamba la ekari 3. Mwezi wa Januari shule zinafunguliwa, na pamba bado iko shambani. Mtoto anataka sare, madaftari na nauli. Mkulima anakwenda kwa bwana mmoja anayekopesha fedha. Noti zinahesabiwa upesi upesi. Karatasi inatolewa, imekwisha pigwa chapa. "Tia sahihi hapa mzee wangu, ni utaratibu tu." Mzee anatia sahihi. Anarudi nyumbani na shilingi 200,000. Mkewe hamwambii.

Baada ya kuuza pamba anakwenda kulipa deni. Anaambiwa, "Deni gani? Wewe shamba uliniuzia." Karatasi inafunguliwa. Kumbe ndani yake hakuna neno "nimekopa". Imeandikwa "nimemuuzia shamba langu," na sahihi ni yake mwenyewe. Sasa familia nzima itakula nini?

Mambo ya namna hii hutokea kweli, vijijini na mijini. Basi tujifunze kutofautisha maneno haya matatu:

Nimekopa: nimechukua fedha, nitazirudisha.
Nimeweka rehani: mali yangu ni dhamana ya deni. Nisipolipa, inaweza kuuzwa.
Nimeuza: mali siyo yangu tena.

Ukipewa karatasi ya mkopo, tafuta kwanza neno lililotumika. Kisha tazama jina la mkopeshaji, kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, riba, tarehe ya kulipa, na dhamana. Ukiona nafasi tupu, ipigie mstari ili mtu asije kuongeza maneno baadaye. Dai nakala yako. Na ukiona unaharakishwa, rudisha karatasi, uondoke. Mtu mwenye nia njema hawezi kukasirika kwa sababu unasoma.

2. TUPIGE HESABU YA RIBA

Mkopeshaji husema, "Riba ni asilimia 20 tu." Usiitikie bado. Uliza: ya mwaka au ya mwezi?

Kama umekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, baada ya mwaka mmoja riba ni shilingi 40,000. Lakini kama ni ya mwezi, hizo 40,000 ni za kila mwezi. Ukilipa deni zima baada ya miezi 6, hesabu ni hii:

40,000 x 6 = 240,000 (riba)
200,000 + 240,000 = 440,000 (jumla ya kulipa)

Umeona? Riba imeushinda mkopo wenyewe. Ndiyo maana watu wameiita mikopo ya namna hii "kausha damu".

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni. Mwombe akuonyeshe, uisome. Kabla ya kwenda mbali, uliza pia katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Huko riba huamuliwa na wanachama, na faida hubaki kwenu.

3. NYUMBA NA SHAMBA SI VYA MTU MMOJA

Wapo wanaume wanaosema, "Nyumba ni yangu, nitafanya nipendavyo." Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Siyo hisani ya mume kwa mke. Ni sheria, na inawahusu wote wawili.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 nayo inasema kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Chini ya sheria hiyo familia inaweza kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa Halmashauri ya Kijiji. Majina ya mke na mume yote mawili yanaweza kuandikwa katika hati moja. Tunawashauri mfanye hivyo. Hati yenye jina la baba peke yake humpa mjane kazi kubwa pale baba anapofariki na ndugu wanapokuja kudai.

Kuuza shamba la namna hii nako kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tumalizane sisi wawili tu, mwenyekiti hahusiki," ujue hapo kuna jambo.

4. STAKABADHI NI MALI

Ukiuza mazao, usiondoke na maneno matupu. Tazama mzani mwenyewe. Soma stakabadhi: jina lako, tarehe, kilo, bei ya kilo moja, na jumla. Piga hesabu papo hapo. Kilo 85 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 85,000. Ikiandikwa 58,000, sema palepale. Kosa la leo husahihishwa leo. La mwezi jana lina ubishi.

5. SIMU NAYO NI SANDUKU LA FEDHA

Siku hizi wengi tunaweka fedha katika simu. Namba ya siri ni ufunguo. Usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Ukipata ujumbe, "Ile hela tuma kwenye namba hii," usitume. Mpigie mtu unayemdhani kwa namba yake unayoijua. Ukiambiwa fedha zimeingia kwako kimakosa uzirudishe, angalia kwanza salio lako. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Na ukibonyeza *106# utaweza kuona namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa wakala au ofisi ya kampuni hiyo ya simu ukaikane.

6. KOPO LA KARATASI

Tafuta kopo la bati lenye kifuniko, mchwa na mvua visilipate. Weka humo hati ya shamba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, stakabadhi, mikataba, na wosia kama umeandika. Toa nakala, uzihifadhi kwa mtu mwaminifu mbali na nyumba yako, maana moto haubagui.

Weka pia daftari moja. Upande mmoja andika: Tunadai. Upande wa pili: Tunadaiwa. Mume na mke wote walijue daftari hilo, na mtoto mkubwa ajue lilipo. Familia nyingi hujua madeni ya marehemu siku ya matanga, kwa midomo ya wanaodai. Pasipo maandishi, utajuaje nani mkweli na nani mwongo?

MANENO YA KUJIFUNZA

Dhamana: kitu kinachowekwa ili mkopeshaji awe na hakika ya kulipwa.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.
Nakala: karatasi iliyo sawa na ile ya kwanza.
Stakabadhi: karatasi inayothibitisha malipo au mapokezi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kuweka rehani na kuuza?
2. Umekopa shilingi 150,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukilipa deni zima baada ya miezi 4, utalipa jumla ya shilingi ngapi?
3. Kwa nini ni vizuri majina ya mke na mume yote yawe katika hati ya shamba?

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni kaeni mke na mume, mkusanye karatasi zote za nyumba. Zisomeni moja moja kwa sauti. Andikeni orodha ya zinazokosekana, kisha mpange siku ya kwenda kuzitafuta kwa mtendaji wa kijiji.