Zabibu kwenye chupa ya asali

*Kikundi chetu hapa Usinge, Tabora, kinatengeneza mvinyo wa asali. Kijana mmoja ametuchorea lebo yenye zabibu na kasri la Ulaya. Wateja wanaisifu picha, lakini hawarudi kununua. Tatizo ni lebo? – Mama Mfuga Nyuki*

Mama, huenda. Mteja akiona zabibu anategemea mvinyo wa Dodoma. Akionja asali, anahisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwambieni kijana achore mzinga wa gome juu ya mti wa miombo. Hiyo ndiyo Tabora. Hata watengeneza mvinyo wa Château Mouton Rothschild ya Ufaransa, tangu 1945, huweka kazi ya msanii kwenye lebo karibu kila mwaka, ila jina halifichwi. Lenu linasomeka kutoka hatua tatu?

Kabla ya kuchapisha lebo nyingi, bandikeni moja na mlaze chupa kwenye ndoo ya barafu. Wino ukichuja, badilisheni karatasi. Kiwango cha kilevi, ujazo, anwani na tarehe visimezwe na picha, Shirika la Viwango (TBS) watavitafuta. Rasimu waonyesheni mapema SIDO Tabora, shirika la viwanda vidogo. Wateja wakilalamikia uchachu, pelekeni sampuli ikapimwe. Hapo mchoraji hana kosa.