SOMO: Kabla ya kumtafuta mlozi, tuulize kijana amekula nini

Leo tujifunze juu ya datura, ambayo wengine huiita mnanaha. Ni mmea unaoota wenyewe pembeni ya njia na kwenye majalala. Maua yake ni kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba.

Kuna vijana wanaoutumia mmea huu ili kusahau shida au kuona maajabu. Husema: "Si bangi, haukatazwi." Ni kweli, mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1961 na 1971 juu ya madawa ya kulevya haiutaji. Lakini kisichokatazwa chaweza kuua. Datura ina sumu ziitwazo atropini na skopolamini, na kiasi chake hutofautiana mmea kwa mmea. Hakuna ajuaye "kidogo" ni kiasi gani.

Dalili zake

Kinywa hukauka, ngozi huwa kavu na ya moto, mboni za macho hupanuka, moyo hupiga mbio, mkojo hukwama. Kisha akili huvurugika. Kijana huongea na watu wasiokuwepo, wala hajui kwamba ni maono tu. Anaweza kukimbilia mtoni au motoni. Hali hiyo hudumu siku moja, mbili au zaidi, na baadaye mara nyingi hakumbuki kitu.

Hatari kwa amani ya kambi

Majirani wakisema "amelogwa", mama mzee fulani atatajwa kuwa mlozi, na familia mbili zitakuwa maadui. Kijana naye atafungwa kamba na kupigwa, kumbe ana sumu mwilini.

Tufanye nini?

1. Tumpeleke haraka kwenye kituo cha afya, pamoja na kipande cha mmea kikipatikana.
2. Mtu anayemfahamu akae naye mahali patulivu, amwambie kwa upole yuko wapi.
3. Tusimpige, tusimtapishe, tusimpe pombe wala dawa nyingine.
4. Akiendelea kusikia sauti au kuona vitu baada ya siku hizo, arudishwe kwa muganga. Huenda ni ugonjwa wa akili, hasa kama umewahi kuonekana katika ukoo.

Maswali ya kuzungumzia

- Vijana wetu wanataka kusahau nini?
- Nani kambini wanaweza kumwambia bila kuogopa?
- Viongozi, mtamlindaje anayesingiziwa ulozi?