Bunduki katika daftari: somo kutoka Kanada



Katika mikutano yetu vijijini juu ya silaha ndogo ndogo, swali moja hurudi karibu kila mara. Mwindaji mzee anasimama na kuuliza: "Mkiisha kuandika bunduki yangu, kesho si mtajua pa kuja kuichukua?" Mara nyingi tumemjibu kwa haraka kwamba sheria ni sheria. Jibu hilo halitoshi. Katika somo hili tunaangalia Kanada, nchi tajiri na yenye amani, ambako swali hilo hilo lilichangia kuangusha daftari zima.

Daftari lilivyoanza

Tarehe 6 Desemba 1989, mtu mmoja aliingia katika shule ya uhandisi ya École Polytechnique, mjini Montréal, akaua wanawake 14. Bunduki yake aliinunua dukani kihalali. Familia za marehemu na wanafunzi walionusurika walidai sheria kali zaidi, na mwaka 1995 Bunge lilipitisha Sheria ya Silaha za Moto.

Sheria hiyo iliagiza mambo mawili: kila mwenye bunduki awe na kibali, na kila bunduki iandikishwe. Bastola zilikuwa zikiandikishwa tangu mwaka 1934. Jambo jipya lilikuwa bunduki ndefu, zile za wawindaji na wakulima. Siku ya mwisho ya kupata kibali ilikuwa tarehe 1 Januari 2001, na ya kuandikisha bunduki tarehe 1 Januari 2003.

Malalamiko ya wenye bunduki

Kwanza, walijiona wanahesabiwa kama wahalifu. Kutoandikisha bunduki kuliwekwa katika sheria ya jinai. Mkulima aliyerithi bunduki ya baba yake, asiyewahi kumdhuru mtu, alijikuta anaweza kushitakiwa kwa sababu ya karatasi.

Pili, kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Fomu zilidai aina ya bunduki, kipimo cha risasi na namba. Lakini bunduki nyingi za zamani hazikuwa na namba. Wenyewe walitumiwa kibandiko chenye namba ili wakigandishe kwenye silaha, nao walijiuliza kitadumu siku ngapi porini, katika mvua na mafuta.

Tatu ni fedha. Serikali ilikuwa imeahidi kwamba, baada ya kukusanya ada, mpango wote ungewagharimu walipa kodi dola milioni 2 tu. Mwaka 2002, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Sheila Fraser, alionyesha kwamba gharama zingepita dola bilioni 1, na kwamba Bunge halikuwa limeelezwa ukweli. Hata watu wasio na bunduki walikasirika.

Nne, wengine walihisi hawakusikilizwa. Kwa Waeskimo wa kaskazini, wanaojiita Inuit, bunduki ni chombo cha kutafutia chakula. Shirika lao, Nunavut Tunngavik, lilikwenda mahakamani likidai kwamba sheria inavunja haki zao za kuwinda zilizo katika mkataba wa ardhi wa mwaka 1993.

Tano ni ile hofu ya mzee wetu: leo waandika, kesho wachukua.

Upande wa pili

Tusisikie upande mmoja tu. Chama cha wakuu wa polisi kilitetea daftari. Polisi anayeitwa usiku kwenye ugomvi wa nyumbani anataka kujua kama mle ndani mna bunduki. Hakimu akiamuru mume mkali anyang'anywe silaha, lazima ijulikane anazo ngapi. Kwa familia za Montréal, daftari lilikuwa pia ukumbusho wa watoto wao.

Mwezi Septemba 2010 daftari liliokolewa bungeni kwa kura 153 dhidi ya 151. Mwaka 2012 Bunge jipya lililifuta kwa upande wa bunduki ndefu, na kumbukumbu zaidi ya milioni 5 zikaharibiwa. Vibali vilibaki, na bastola ziliendelea kuandikishwa. Jimbo la Québec lilipigania kumbukumbu zake hadi Mahakama Kuu, likashindwa mwaka 2015, kisha likaanzisha daftari lake lenyewe mwaka 2018.

Mwezi Mei 2020 serikali ilipiga marufuku aina kama 1,500 za bunduki zenye mfano wa kijeshi. Wenye bunduki wengi walisema: hofu yetu haikuwa ya bure. Lakini katika orodha hiyo ilikuwamo aina iliyowaua wale wanawake 14. Kwa waliofiwa, haki ilichelewa kwa zaidi ya miaka 30.

Nasi tujifunze nini?

Congo si Kanada. Kwetu watu wengi wameficha silaha kwa sababu ya vita, na hawaamini kwamba mtu mwingine atawalinda. Hata hivyo, nchi yetu ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, na Mkataba wa Kinshasa ulipitishwa hapa nchini mwaka 2010. Yote miwili inazitaka serikali kutia alama silaha na kuweka daftari. Kazi hiyo itafika vijijini.

Tunachoona ni hiki: daftari huandikwa kwa mkono wa yule anayeandikishwa. Asipoliamini, ataficha bunduki, na daftari litajaa majina ya watiifu peke yao. Kwa hiyo, kabla ya kuleta fomu, tuwaite wawindaji, viongozi wa kimila, wanawake na polisi wakae pamoja. Tuseme wazi gharama, nani atasoma majina, na katika hali gani silaha inaweza kuchukuliwa. Tusimwahidi yule mzee kwamba bunduki yake haitachukuliwa kamwe. Ahadi hiyo hatuwezi kuitimiza.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, nani angeaminiwa kutunza daftari la silaha, na kwa nini?
2. Mjane aliyeuawa mumewe na mwindaji mwenye bunduki halali wangeambiana nini wakikaa meza moja?
3. Ni ahadi gani serikali haipaswi kuitoa kama haiwezi kuitimiza?