Dondoo muhimu: Kitabu cha AVEC hakiazimwi

Huko Kasongo na Kabambare, Kongo, walio wengi hawana kadi ya mkopo ya benki. Kinachokujengea jina ni kitabu cha hisa cha AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana: mihuri uliyogongewa mkutano kwa mkutano, na mikopo uliyorudisha. Kwa kawaida mtu hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake, basi mgeni wa kikundi aweke kwanza.

Usimkopee mtu. Shemeji atakuja: “Nichukulie tu, nauza mpunga mwezi ujao.” Mpunga ukiharibika, kamati haimjui yeye. Daftarini limeandikwa jina lako, na siku ya kugawana akiba zitakatwa hisa zako. Kama ni mwaminifu kweli, mpeleke ajiunge mwenyewe.

Vikundi viwili kwa pamoja? Sawa, ikiwa kipato kinatosha hisa za kote kuwili. Kukopa huku ulipe kule ni habari nyingine, tena haifichiki: wanakamati hukutana sokoni.

Deni lilipe mkutanoni, sanduku la kikundi likiwa wazi na muhuri ukigongwa mbele ya wote. Usimpe mweka hazina njiani, hata akiwa dada yako. Zile kufuli tatu za sanduku, funguo kwa watu watatu, ziliwekwa kwa ajili hiyo.

Laini ya simu yenye M-Pesa au Airtel Money nayo usiazimishe. Namba ya siri usimtajie hata mtoto. Na anayekopa benki Kindu ajue: Benki Kuu ya Kongo ina rejesta ya mikopo, na deni bovu la huko laweza kuonekana Kinshasa.