Kuchunguza Magonjwa ya Panya

Mwezi Julai 2022, watu wa wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, walishikwa na hofu. Baadhi yao waliugua homa na kutokwa damu puani. Watu watatu walikufa. Wataalamu walipopima wagonjwa, waligundua kuwa ni homa ya mgunda.

Vijidudu vya homa hiyo huishi katika figo za panya na wanyama wengine. Hutoka pamoja na mkojo na kuingia katika maji au udongo wenye unyevu. Ukikanyaga maji hayo ukiwa na jeraha, vijidudu huweza kukuingia mwilini. Ugonjwa huu hutibika ukigunduliwa mapema. Kwa hiyo twahitaji wataalamu wetu wenyewe, walio karibu nasi.

Mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Hapo wanafunzi wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika hujifunza kuchunguza panya. Jioni hutega mitego mashambani, asubuhi huikagua. Huvaa glavu, hutambua aina ya kila panya, humpima, kisha huchukua damu na figo zake ili zichunguzwe katika maabara. Kila walichokiona hukiandika.

Maswali
1. Vijidudu vya homa ya mgunda humwingiaje mtu?
2. Kwa nini mtaalamu huvaa glavu?
3. Tazama nyumbani kwenu. Panya huweza kujificha wapi? Usiwashike!