Je, sheria inaruhusu kilo 25?

Kuna swali ninaloletewa mara nyingi na akina baba na akina mama wa Castle Vale wanaofanya kazi kwenye maghala: "Msimamizi anasema sheria inaruhusu kilo 25, kwa hiyo siwezi kulalamika. Ni kweli?"

Si kweli. Kambini tulizoea tangazo la ukutani: namba, tarehe, basi. Sheria kuu ya usalama kazini ya Uingereza, ya mwaka 1974, haiko hivyo. Inamtaka mwajiri akulinde "kwa kadiri inavyowezekana kwa busara". Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani huo ni mlango wa kumtorosha mwajiri. Kumbe sivyo.

Maana ya maneno hayo ilitolewa na mahakama mwaka 1949. Mchimba makaa ya mawe, Edwards, alikufa baada ya njia ya mgodini isiyowekewa nguzo kumwangukia. Wenye mgodi walidai kuweka nguzo kila njia ni gharama kubwa mno. Mahakama ikasema: weka hatari upande mmoja wa mizani, na upande wa pili fedha, muda na taabu ya kuipunguza. Mwajiri anasamehewa tu iwapo gharama inaizidi hatari kwa mbali sana. Na kesi ya jinai ikifunguliwa chini ya sheria ya 1974, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba zaidi ya hapo hakuweza.

Sasa turudi kwenye boksi lako. Kanuni za kubeba mizigo za 1992 hazina uzito wa mwisho. Hizo kilo 25 zimetoka katika mwongozo wa HSE, mamlaka ya serikali ya usalama kazini, na ni za mwanamume anayeshika mzigo usawa wa kiuno, karibu na mwili. Kwa mwanamke ni 16. Mzigo ukiwa chini sakafuni, mwongozo unashuka hadi 10 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Mikono ikinyooshwa mbele hapo sakafuni, ni 5 na 3. Ukizidi hapo hujavunja sheria, ila mwajiri anapaswa kuichunguza kazi hiyo kwa makini: je, toroli lingesaidia? Paleti ingeinuliwa? Mtu wa pili angeongezwa? Anatakiwa pia kumfikiria mbebaji mwenyewe, kama ni mjamzito au ana mgongo mbovu.

Kwa hiyo usiseme tu "ni nzito". Mimi nilisema hivyo majira yangu ya baridi ya kwanza hapa, nikajibiwa kwamba wenzangu wanabeba. Nilinyamaza, mgongo ukanitesa miezi. Sema hivi: "Boksi ni kilo 18, naliokota sakafuni, nageuka nalo, mara nyingi kwa saa. Naomba toroli." Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayowekwa kwenye mizani. Yaandike kwa ujumbe wa simu, ubaki na nakala.

Glavu na viatu vya usalama vinavyohitajika kwa kazi yako hulipii. Tangu Aprili 2022 haki hiyo inawafikia pia wengi wa kazi za kuitwa siku kwa siku. Ukikatwa mshahara kwa ajili ya viatu hivyo, tuletee karatasi ya malipo.

Kuacha kazi na kuondoka mahali ni jambo jingine. Sheria inakulinda ukiamini kwa sababu za msingi kwamba hatari ni kubwa na iko mbele yako sasa hivi, mfano rafu ya mizigo inayoinama. Boksi zito peke yake kwa kawaida halifiki hapo, kwa hiyo tafadhali usiondoke kwa hasira kabla hujatupigia.

Msimamizi asiposikia, malalamiko ya kiwandani huenda HSE. Ya ghalani au dukani huenda halmashauri ya jiji. Tutakusaidia kuandika. Na ukiumia, hata kidogo, omba iandikwe kwenye kitabu cha ajali siku ileile, kabla hujapanda basi la kurudi nyumbani.